Maji Yalikuwa Yamepwa

Kila Desemba ikikaribia kwisha, pale baraza ya Mkunguni mbele ya ngome ya Lamu, lazima atokee mtu wa kuikumbusha ile Jumapili ya 26 Desemba 2004. Na kila mwaka mzee mmoja jirani yangu humjibu kwa maneno yale yale: "Yalikuja, yakenda zake." Halafu hurudi kwenye kikombe chake cha kahawa. Kwake yeye tsunami ni bahari iliyoingia na kutoka mara kadhaa mchana mmoja, vyombo vikavutana na kamba zake, vijana wakakimbilia gatini kutazama badala ya kukimbia, na mambo yakaishia hapo. Kenya nzima ilipoteza mtu mmoja, kule Watamu. Somalia ilipoteza karibu watu 300, wengi wao Hafun na vijiji vya jirani, lakini Hafun ni mbali na Mkunguni.

Simlaumu mzee. Amesimulia alichokiona, na alichokiona ni kweli. Ninachobishana naye ni kukifanya alichokiona kuwa kipimo.

Ile Jumapili mwezi ulikuwa mpevu. Mvuvi yeyote wa hapa anajua maana yake: bamvua. Siku za mwezi mpevu, upande wetu huu wa pwani, maji hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kiasi cha saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita 3, mara nyingine na zaidi. Sasa weka hesabu ya wimbi juu ya hesabu ya mwezi. Tetemeko la Sumatra, Indonesia, lililozaa wimbi hilo, lilipiga saa 9:58 usiku kwa saa za huku. Wimbi likakata bahari zaidi ya kilomita 6,000 na kutufikia baada ya saa nane na kitu, yaani mchana, bahari ikiwa bado chini na maji yameanza tu kurudi. Lingechelewa saa nne nyingine lingepandia mgongoni mwa bamvua iliyojaa. Wimbi lile lile, nguvu ile ile, lakini likianzia mita mbili au tatu juu zaidi. Alhamdulillahi kwa saa tuliyopangiwa. Ila saa hiyo hatukuandikiana mkataba nayo.

Basi kama mwaka 2004 haufai kuwa kipimo, tupime nini? Jibu la wanaojishughulisha na mambo haya linaweza kumshangaza mtu wa pwani, kwa sababu halihusu maji. Wanapima jinsi mwamba unavyopinda.

Chukua fito mbichi ya mkoko. Bana ncha moja, kandamiza nyingine. Inapinda polepole, haitoi sauti, na anayepita njiani hatajua kama kuna kinachoendelea. Ukiiachia, inaruka. Tetemeko kubwa ni ule mruko. Karne moja na zaidi sasa, tangu mji wa San Francisco ubomoke mwaka 1906, wanasayansi wamekubaliana kuwa mruko hauji kutoka hewani. Umelipiwa kwa kupinda kwa miaka mingi kabla yake. Magharibi ya Sumatra, bamba la chini ya Bahari ya Hindi, yaani kipande kikubwa cha ganda la dunia, linazama chini ya bamba linalobeba visiwa vya Indonesia, kiasi cha sentimita 5 kwa mwaka. Kama lingeteleza vizuri, mfano wa jahazi linaloshushwa majini juu ya magogo yaliyopakwa mafuta, tusingekuwa na habari nalo. Lakini linakwama. Bamba la chini linaendelea kwenda, la juu limeng'ang'anizwa nalo, na ukingo wa lile la juu unaburutwa na kukunjwa mwaka hadi mwaka.

Mkunjo huo hupimwaje? Hapa nchi yetu ina chake cha kujivunia, ingawa sijawahi kumsikia mwanasiasa wa Kilifi akikitaja. Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walijenga kituo cha kurushia roketi, jukwaa la San Marco katika ghuba ya Ungwana. Ndipo iliporushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, ikapewa jina hilo kwa heshima ya siku yenyewe, sikukuu ya uhuru wa Kenya. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba sehemu hiyo hiyo, tangu miaka ya 1990, kumekuwa na antena ya GPS iliyofungwa imara ardhini, ambayo kazi yake ni moja tu: kusikiliza setilaiti mchana na usiku na kuandika ilipo. Siku moja haikwambii kitu. Miaka kumi inakwambia kila kitu, kwa sababu makosa madogo ya kila siku yanafutana na unabaki na mstari. Mwinamo wa mstari huo ndio mwendo wa ardhi.

Na mwendo upo. Malindi, pamoja na nyumba zake, nguzo ya Vasco da Gama na msikiti wa Ijumaa, inakwenda kaskazini-mashariki karibu sentimita 3 kila mwaka. Shelisheli nayo inakwenda vivyo hivyo, kwani zote mbili zimepanda bamba moja, la Somalia. Ukipima umbali kati yao mwaka huu na baada ya miaka kumi, utakuta haujabadilika kwa kiasi cha kusumbua. Malindi inasafiri bila kupinda. Ndiyo maana huku kwetu hatuna matetemeko makubwa ya baharini, na ndiyo maana antena kama ile ina thamani: ili ujue nani anapinda, lazima uwe na asiyepinda wa kumlinganisha naye.

Visiwa vya Mentawai, mbele ya Sumatra, ni kinyume. Vituo vilivyo karibu na mfereji wa bahari, pale bamba la chini linapoanza kuzama, vinasukumwa kuelekea bara kwa kasi kuliko vituo vilivyo Sumatra yenyewe, hivyo umbali kati yao unapungua. Kupungua huko ndiko mkunjo. Ukiwa na vituo vya kutosha unaweza kurudi nyuma kwa hesabu na kuchora ramani ya mkwamo: hapa pamekwama kabisa, pale panateleza nusu, kule hapana neno.

Tatizo ni muda. Mtandao wa GPS wa Sumatra ulianza mwaka 2002, na mruko mmoja unaweza kuchukua karne mbili kujilimbikiza. Ni sawa na kutaka kuujua mwaka wote wa kusi na kaskazi kwa kukaa ufukweni dakika tano.

Sehemu hii ya hadithi ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na kwa kuwa makala ni yangu nitakaa hapa kidogo. Kerry Sieh, mwanajiolojia wa Marekani, na wenzake wa Indonesia waliamua kuyauliza matumbawe. Sisi watu wa Lamu tumejenga miji kwa matumbawe, tumechoma chokaa yake, tumekanyaga miamba yake tukitafuta pweza; tunajua kwamba tumbawe hai halikubali kukaa nje ya maji. Aina fulani ya tumbawe la mviringo hukua kwenda juu mpaka linapofika kimo cha maji kupwa, hapo utosi wake unakufa na linaendelea kupanuka pembeni tu, likawa kama meza. Sasa fikiria kisiwa kinachozama milimita chache kila mwaka kwa sababu bamba la chini linakivuta. Maji yanapanda kwa tumbawe, nalo linapata nafasi ya kukua juu tena, kingo zake zinainuka kama za bakuli. Siku ya mruko kisiwa kinapigwa juu kwa ghafla, tumbawe linajikuta kwenye hewa, na sehemu yote iliyo nje inakufa siku hiyo hiyo. Ukilikata kwa msumeno na kulipiga eksirei unaona pete za miaka, kama mti. Unahesabu.

Walihesabu miaka 700. Walichokikuta Mentawai ni kwamba mitetemo mikubwa imekuja kwa makundi, kiasi cha kila karne mbili, na kundi la mwisho lilikuwa na ile ya mwaka 1797 na ya 1833. Tetemeko la ukubwa wa 8.4 la Septemba 2007 lililipa sehemu tu ya deni. Piga mwenyewe: sentimita 5 kwa miaka mia na tisini ni mita tisa na nusu. Punguza kilicholipwa, punguza panapoteleza bila kelele, bado mkononi una mita kadhaa za mwamba uliokunjwa unaosubiri siku yake. Na si maneno ya vitabuni. Machi 2005 kisiwa cha Nias, kaskazini kidogo ya hapo, kiliinuka karibu mita 3 upande wake wa magharibi kwa dakika chache, na miamba mizima ya matumbawe ikabaki juu, ikinuka.

Kwa hiyo tuhofu Mentawai? Hapa natofautiana na wanaopenda kutisha watu. Wimbi la tsunami halienei sawasawa pande zote kama jiwe lililotupwa kisimani. Nguvu kubwa hutoka kwa pembe mraba na ufa, yaani mstari ambao mabamba yameruka. Ufa wa 2004 ulilala kaskazini na kusini, kwa hiyo ulielekeza ngumi magharibi: Sri Lanka, Maldivi, Somalia. Mentawai umelala kwa mshazari, ngumi yake inaelekea kusini-magharibi, bahari tupu na visiwa vya kusini zaidi yetu. Tutapata, lakini si la usoni. Kumwambia mtu wa Shela kwamba kila tetemeko la Indonesia ni hukumu yake ni kumfundisha asisikilize siku nyingine.

Kuna shimo jingine katika vipimo, na hili lilifichuliwa kwa gharama kubwa mno. Japani ina zaidi ya vituo 1,200 vya GPS; hakuna nchi duniani iliyojipima vile. Hata hivyo tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la ukubwa wa 9.0 liliwakuta hawakulitarajia kwa ukubwa huo. Sababu si uzembe. Antena zote zilikuwa nchi kavu, na sehemu inayozaa tsunami iko chini ya bahari, karibu na mfereji, zaidi ya kilomita 100 kutoka ufukweni. Kutoka huko mbali mkwamo wa karibu na mfereji hausomeki. Ni kama kutaka kujua nanga imeshika nini kwa kuitazama kamba iliyo juu ya sitaha.

Dawa yake ni bildi ya kisasa. Nahodha wa zamani alitupa bildi kupima kina. Hawa wanashusha vyombo vitatu au zaidi sakafuni mwa bahari, meli inakaa juu ikiwa na GPS, inatuma mlio chini, vyombo vinajibu, na kwa muda wa mlio kwenda na kurudi unajua vilipo. Unaondoka, unarudi mwaka ujao, unapima tena. Sauti hubadili mwendo majini kulingana na joto na chumvi, kwa hiyo hesabu ina uchungu wake, lakini sentimita zinapatikana. Ni vyombo vya namna hiyo, vya walinzi wa pwani wa Japani, vilivyoonyesha kuwa mwaka 2011 sakafu ya bahari karibu na kitovu ilisogea mita 24, wakati rasi ya Oshika nchi kavu ilisogea mita 5 na kidogo. Mita 5 na mita 24! Mtu aliyepima nchi kavu peke yake alikuwa ameshika mkia akidhani kamshika papa mzima.

Sasa tuje Makran. Wengi tukisikia jina hili tunadhani ni la mbali sana, lakini Wabulushi wa Makadara, Mombasa, wanajua babu zao walitoka wapi: ni pwani hiyo hiyo ya Pakistani na Irani, walikuja na Waomani kama askari. Chini ya pwani hiyo bamba la Arabuni linazama kwenda kaskazini. Ni eneo la bamba linalozama lililo karibu zaidi nasi, kilomita elfu tatu na mia kadhaa. Mwaka 1945, tarehe 28 Novemba, upande wake wa mashariki ulitikisika kwa ukubwa wa 8.1 na tsunami yake ikaua watu wanaokadiriwa kufika 4,000. Upande wa magharibi, wa Irani, umekaa kimya kwa muda wote ambao vyombo vya kupimia matetemeko vimekuwepo.

Kimya kina tafsiri mbili. Labda upande huo unateleza taratibu bila kudaiwa kitu. Labda umekwama kabisa na unajilimbikizia. GPS za Muscat na Chabahar zinasema pwani hizo mbili zinakaribiana kiasi cha sentimita 2 kwa mwaka. Hilo linatupa kasi ya deni, halitupi jibu la nani analilimbikiza. Mfereji wenyewe umefukiwa na tope la kilomita kadhaa, pwani ni jangwa, mipaka ina siasa zake, na vipimo vya sakafuni mwa bahari kama vya Japani ndivyo vingekata shauri. Maoni yangu ni kwamba nchi zetu za Afrika Mashariki, zikikaa katika vikao vya tahadhari ya tsunami vya Bahari ya Hindi, zinapaswa kuisukuma Makran mbele kuliko jambo jingine lolote. Ndiyo, ngumi ya Makran imeelekea kusini, Oman kwanza, na sisi tuko pembeni kidogo. Lakini kwa wimbi linalokimbia karibu kilomita 700 kwa saa katika maji ya kina cha mita 4,000, tungekuwa na saa tano au sita badala ya nane za 2004. Na sentimita 2 kwa miaka 500, mfano tu, ni mita 10.

Mzee wangu akisoma hapa atasema: mwanangu, tumeishi hapa miaka elfu na hatujaona. Hilo nalo limepata jibu lake, na limetoka jirani. Katika ghuba ya Pangani, Tanzania, watafiti walichimbua tabaka la mchanga wa tsunami lenye umri wa miaka elfu moja hivi, na ndani yake mifupa ya watu wa kijiji cha wavuvi cha Waswahili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020, na hesabu za mawimbi zinaelekeza kidole upande wa Sumatra na Andaman. Watu wetu waliona. Waliokuwa wa kusimulia ndio waliolala kwenye mchanga huo.

Wenyeji wa kisiwa cha Simeulue, karibu kabisa na kitovu cha 2004, walikuwa na neno lao, smong, lililobaki kutoka tsunami ya mwaka 1907: ardhi ikitikisika sana na bahari ikarudi nyuma, panda mlimani usingoje. Kati ya watu zaidi ya elfu sabini walikufa saba. Tunapenda kuisimulia habari hii katika semina kama dawa ya maradhi yote. Lakini kwetu haifanyi kazi vilivyo, kwa sababu ishara yao ya kwanza ilikuwa ardhi kutikisika, na Lamu haitatikisika. Wimbi litakalotufikia litakuwa yatima, halina mzazi tunayemjua.

Yatima nao wana kazi yao. Januari 1700 wimbi lisilo na tetemeko liliingia pwani ya Japani, makarani wakaliandika. Karibu miaka 300 baadaye maandishi hayo ndiyo yaliyowapa wanasayansi tarehe ya tetemeko kubwa la pwani ya magharibi ya Marekani, huko ambako hakukuwa na aliyeandika: usiku wa tarehe 26. Kipimo cha maji cha Lamu nacho kiliandika wimbi la 2004, na chati za vipimo kama hicho, kutoka kando zote za bahari, hutumika kukokotoa ufa ule uliteleza wapi na kwa kiasi gani. Gati letu dogo lilitoa ushahidi kuhusu mwamba wa Sumatra. Ndiyo maana inaniuma ninapoona kipimo cha maji kinachukuliwa kama bomba la chuma la kufungia mashua. Katika biashara hii nzima, kitu hicho na antena ya Ngomeni ndiyo michango yetu, na vyote viwili vinadai kitu kimoja kisicho na mvuto kwa mfadhili: vitunzwe, visikatike, mwaka baada ya mwaka.

Na vikitunzwa, tahadhari yetu ibadilike sura. Tangazo la tsunami linalosema "wimbi la nusu mita, saa saba mchana" halijamwambia mtu wa Kizingitini kitu mpaka liseme maji yatakuwa wapi saa hiyo. Nusu mita maji yakiwa yamepwa ni kichekesho cha watoto. Nusu mita juu ya bamvua ni chumvi ndani ya visima. Bandari mpya ya Lamu, iliyopokea meli yake ya kwanza Mei 2021, hoteli za Shela, maghala ya Mokowe: vyote vipimwe kwa wimbi linalokuja saa kumi alasiri ya mwezi mpevu, pepo zikiwa za kusi.

Nilimweleza mzee haya yote, naye alinisikiliza kwa adabu kuliko nilivyotarajia. Aliuliza swali moja tu, lile jingine litakuja maji yakiwa juu au chini. Nikamwambia hakuna chombo kinachojua. Akaweka kikombe chini, akaanza kuhesabu kwa vidole tarehe za mwezi.